Hita ya maji imechoka: ubadilishe elementi, au ubadilishe yote?

Hita ikianza kutoa maji ya uvuguvugu, ushauri huja wa aina mbili. Fundi atasema tubadilishe elementi, yaani koili ya umeme inayopasha maji. Muuzaji atasema hiyo imezeeka, chukua mpya. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na wote wawili wanaweza kukutia hasara, kwa sababu hakuna aliyeuliza swali la kwanza: kilichoharibika ni tangi, au ni kitu kilichofungwa kwenye tangi?

Kwa hita ya umeme yenye tangi, swali hilo huamua karibu kila kitu. Elementi, themostati (kidhibiti joto), valvu ya usalama (inayotoa maji presha ikizidi), gasketi (mpira wa kuziba kiungo) na nyaya hufunguliwa kwa spana na bisibisi, na vipya hufungwa siku hiyo hiyo. Tangi halitengenezeki. Likishatoboka, limekwisha. Ndiyo maana umri ulioandikwa kwenye kibao cha maelezo ubavuni ni dokezo tu. Matangi mengi ya chuma hudumu kati ya miaka 8 na 12, lakini lipo linalooza kwa miaka 4 na lipo linalofika 20, na tofauti yao mara nyingi ni fimbo moja ambayo mwenye nyumba hajawahi kuiona.

Fimbo inayoliwa badala ya tangi

Tangi la kawaida ni chuma kilichopakwa enameli kwa ndani, tabaka gumu kama lile la sahani za bati. Enameli haikosi vitundu, hasa kwenye mishono iliyochomelewa na pale mabomba yanapoingilia. Maji ya moto yangepenya hapo na kula chuma haraka. Ili kulizuia hilo, kiwandani huwekwa ndani ya tangi fimbo ya magnesi au alumini inayoitwa anodi. Metali hizo huoza kwa urahisi kuliko chuma, hivyo kutu hushughulika nazo kwanza na kuliacha tangi. Fimbo ikiisha, zamu ya tangi inaanza.

Kwa hiyo kabla hujatoa fedha yoyote kwa hita yenye zaidi ya miaka mitano, mwambie fundi afungue anodi. Kwenye hita za kusimama sakafuni huwa ni kichwa kikubwa cha boliti juu ya tangi. Kwenye nyingi za ukutani imefungwa kwenye bamba lile lile linaloshika elementi, chini, kwa hiyo tangi lazima limwagwe maji kwanza. Ukikuta nusu ya unene bado ipo, tangi lina uwezekano mkubwa wa kuwa zima na matengenezo yana maana. Ukikuta waya mtupu wa katikati na hita ni changa, weka anodi mpya ujaribu bahati. Ukikuta waya mtupu, hita ina miaka kumi na maji ya moto yanatoka na rangi ya kutu, usiinunulie hata gasketi.

Boliti ya anodi ikikataa kufunguka kwenye tangi la zamani, kuna kishawishi cha kuchomeka bomba refu kwenye spana na kuvuta kwa nguvu zote. Hapo ndipo mtu hung'oa mdomo uliochomelewa kwenye tangi, na hita iliyokuwa inafanya kazi asubuhi inakuwa chuma chakavu mchana. Dawa ya kulegeza kutu na subira ya saa kadhaa ni bora zaidi. Kwa hita ya sakafuni liache tangi limejaa maji, ili uzito wake ulishikilie lisizunguke.

Matangi ya chuma cha pua mengi hayana anodi. Hayo adui yake ni chumvi. Maji ya kisima yenye chumvi hushambulia mishono, na tundu hutokea bila dalili ya mapema. Kama maji yako ni ya namna hiyo, sifa ya "chuma cha pua" isikutoe macho dukani.

Dalili, na jinsi zinavyodanganya

Maji sakafuni hayamaanishi tangi limetoboka. Kausha kila kitu kwa kitambaa, kisha zungushia karatasi laini kwenye viungo vya bomba, kwenye bamba la elementi na kwenye mdomo wa valvu ya usalama. Rudi baada ya saa moja. Karatasi iliyolowa itakuonyesha. Kiungo cha bomba kinahitaji kukazwa au tepu mpya ya kuzungushia uzi wa bomba (thread tape). Bamba la elementi linahitaji gasketi mpya; ile ya zamani ikishafunguliwa haikai tena, na boliti zake hukazwa kwa kupishana, upande huu kisha wa pili, la sivyo bamba linakaa upande. Maji yakichuruzika kutoka ndani ya bati la nje, kati ya povu la kuzuia joto na tangi, na viungo vyote ni vikavu, basi ni tangi. Atakayejitolea kulichomelea umshukuru tu. Moto wa kuchomelea hupasua enameli pande zote za kiraka, na tundu jipya litajitokeza pembeni yake.

Valvu ya usalama inayodondoka husingiziwa sana. Maji yakipashwa kutoka nyuzijoto 20 hadi 60 huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 1.5. Tangi la lita 100 linatafuta pa kuweka lita moja na nusu ya ziada. Kama bomba la kuingiza lina valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma na hakuna chupa ya kupokea upanuzi, lita hiyo itatokea kwenye valvu ya usalama, na hapo valvu inafanya kazi yake. Ikidondoka wakati hita inapasha tu, ni upanuzi. Ikidondoka usiku kucha hita ikiwa imezimwa, ama kuna uchafu kwenye kiti cha valvu (pale inapofungia), ama presha ya maji ya bomba ni kubwa mno na panahitajika kipunguza presha. Yote mawili hurekebishwa bila kugusa tangi. Kosa ambalo halisameheki ni kuiziba kwa kizibo kwa sababu inalowesha ukuta. Themostati ikikwama na tangi likiwa limezibwa, maji hupita nyuzijoto 100 yakiwa bado maji kwa sababu ya presha. Tangi likipasuka, sehemu yake hugeuka ghafla kuwa mvuke wenye ujazo wa takriban mara 1,600. Hita iliyolipuka hutoboa dari.

Maji yakiwa ya uvuguvugu, usianze na elementi. Anza na jaribio lisilo na gharama: zima hita, funga koki ya maji baridi inayoingia kwenye hita, kisha fungua bomba la maji ya moto. Baada ya muda mfupi maji yanapaswa kukatika. Yakiendelea kutiririka, kuna bomba la kuchanganyia mahali fulani linaloruhusu maji baridi kuvukia upande wa moto, na hita yako haina kosa. Shida nyingine inayofanana ni kuvunjika kwa mrija wa plastiki unaopeleka maji baridi chini ya tangi. Yanapoingilia juu, hujichanganya na ya moto, na shawa inapoa baada ya dakika mbili ingawa tangi limejaa joto. Mrija huo ni wa bei ndogo.

Kama hita haipashi kabisa, tafuta kitufe kidogo, mara nyingi chekundu, chini ya kifuniko cha themostati. Ni kinga inayokata umeme joto likizidi. Ukikibonyeza na hita ikarudi kazini mwezi mzima, sawa. Kikiruka tena siku hiyo hiyo, themostati imekwama au elementi imeanza kuvuja umeme. Usikizoee kukibonyeza kila asubuhi.

Elementi hupimwa kwa mita ya fundi, umeme ukiwa umezimwa kwenye breka na kuhakikishwa kwa testa kwamba kweli haupo, nyaya zake zikiwa zimetolewa. Kwa umeme wa volti 230, elementi ya kilowati 1.5 husoma karibu ohimu 35, ya kilowati 2 karibu 26, ya kilowati 3 karibu 18. Mita isiposoma chochote, waya wa ndani umekatika. Kisha pima kati ya kila ncha na mwili wa hita: hapo mita haipaswi kusoma kitu. Ikisoma, ala ya elementi, yaani bomba lake la nje, imepasuka na maji yamefika kwenye waya. Ndiyo inayofanya breka ya kuvuja umeme (inayokata umeme ukivuja) iruke, na pale ambapo breka hiyo haipo na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) haipo, ndiyo inayofanya maji ya shawa yapige shoti. Mtu akihisi hata mtekenyo kwenye bomba, hita izimwe papo hapo na isiguswe hadi elementi na waya wa ethi vikaguliwe. Bado si sababu ya kutupa tangi.

Harufu ya mayai viza kwenye maji ya moto pekee hutokana na bakteria wanaoishi bila hewa, wakisaidiwa na anodi ya magnesi. Kubadili anodi kuwa ya alumini na zinki na kupandisha joto la tangi hadi nyuzijoto 60 au zaidi kwa saa kadhaa kwa kawaida huimaliza. Usiing'oe anodi na kuacha tundu limezibwa ili kuondoa harufu. Tumeshaona inafanya kazi gani.

Na chokaa. Tangi linalonguruma na kutoa mlio wa kupasuka kama mahindi kwenye moto lina chokaa (madini ya maji yaliyoganda) chini, na hapa kuna imani inayorudiwa sana: kwamba chokaa kwenye elementi hukulia umeme. Kwa elementi iliyozama ndani ya maji, joto lake halina pa kwenda isipokuwa kwenye maji hayo, kwa hiyo bili haibadiliki sana. Kinachotokea ni kwamba elementi yenyewe huwa ya moto kupita kiasi chini ya ganda na kuungua mapema. Kwa hita ya gesi mambo ni tofauti: moto uko nje, chokaa imekaa katikati, na joto lisilopenya hutoka nje kupitia dohani. Hapo unalipia kweli. Dawa ya tangi la umeme ni kulimwaga na kusuuza mara moja kwa mwaka: zima breka, acha maji yapoe, funga maji baridi, funga hozi kwenye koki ya chini, fungua bomba la moto ili hewa iingie, fungua koki ya chini tangi limwagike, kisha fungulia maji baridi kwa vipindi vifupi hadi yanayotoka yawe safi. Elementi iliyovaa ganda huloweshwa kwenye siki au asidi ya sitriki hadi ganda lilegee.

Bili: mpya itakuokolea nini hasa?

Hapa ndipo watu hununua matumaini. Kupasha lita 100 kutoka nyuzijoto 20 hadi 60 huhitaji uniti 4.65 za umeme, iwe ni kwa elementi ya mwaka huu au ya miaka ishirini iliyopita. Elementi mpya haina ujanja wowote wa kupunguza hesabu hiyo. Hita mpya ya tangi inaweza kuokoa sehemu moja tu: joto linalopotea kupitia kuta zake wakati hakuna anayeoga.

Sehemu hiyo unaweza kuipima mwenyewe. Acha hita ipashe hadi taa yake izimike. Izime kwenye breka na usitumie maji yake kwa saa 24. Kesho yake muda ule ule, zima vitu vingine vyote vya nyumbani, soma mita ya umeme, washa hita hadi taa izimike tena, soma mita mara ya pili. Tofauti ndiyo hasara ya siku nzima. Kama huwezi kuzima vingine, tumia saa: hita ya kilowati 3 iliyowaka dakika 30 imekula uniti 1.5. Tangi zuri la lita 100 hupoteza karibu uniti 1 hadi 1.5 kwa siku. Likizidi 2.5, povu lake limechoka au limelowa.

Tuseme yako inapoteza 2.8 na mpya itapoteza 1.2. Tofauti ni uniti 1.6 kwa siku, sawa na 584 kwa mwaka. Zidisha kwa bei yako ya uniti, kisha linganisha na bei ya hita mpya pamoja na ufungaji. Lakini kabla ya hesabu hiyo, vika bomba la moto sponji ya kuzuia joto kwa mita moja au mbili za kwanza kutoka kwenye tangi, na kama tangi liko mahali pa wazi lizungushie blanketi lake, ukiacha nje kifuniko cha nyaya na valvu. Rudia kipimo. Huenda sehemu ya ile faida ya hita mpya imeshapatikana kwa gharama ya sponji.

Ubishi wa siku zote, kama hita iachwe ikiwaka au izimwe, una jibu la fizikia: kuizima huokoa daima, kwa sababu tangi lililopoa hupoteza joto kidogo kuliko la moto. Swali ni kiasi gani. Kwenye tangi lenye povu zuri ni kidogo. Kwenye lile linalopoteza uniti 3 kwa siku, swichi ya saa inajilipia upesi. Tahadhari moja: usilifanye tangi likae vuguvugu siku nenda rudi. Bakteria wa lejionela, wanaoleta nimonia, hustawi kati ya nyuzijoto 20 na 45, na huuawa kwa dakika chache kwenye 60. Weka themostati kwenye 60, na kama kuna watoto au wazee, funga valvu ya kuchanganya ishushe maji ya bombani hadi 45 hivi, kwa sababu maji ya nyuzijoto 60 huunguza ngozi kwa takriban sekunde tano.

Kwa uamuzi wa fedha, kuna kanuni maarufu kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mpya, nunua mpya. Si mbaya, lakini inasahau muda. Gawanya gharama ya matengenezo kwa miaka unayotarajia tangi lidumu, kwa kuangalia anodi. Gawanya bei ya mpya kwa miaka 10, uondoe umeme utakaookoa kwa mwaka. Kidogo kinashinda. Elementi kwenye tangi lenye anodi nzima hushinda karibu kila mara. Elementi pamoja na themostati kwenye tangi linalotoa kutu hushindwa hata ikiwa ni bei poa.

Ukiamua kubadilisha

Usinunue saizi ile ile kwa mazoea. Maji ya nyuzijoto 60 yakichanganywa nusu kwa nusu na ya 20 hutoa ya 40, yanayofaa kuoga. Kwa tangi la lita 50 hesabu lita 40 zinazotumika kabla baridi halijavuruga, yaani lita 80 za kuoga, sawa na dakika 10 kwenye shawa inayotoa lita 8 kwa dakika. Watu watatu wanaofuatana hawatatosheka. Mtu mmoja anapasha maji mengine bure. Shawa yenyewe ipime kwa ndoo: ikitoa lita 15 kwa dakika, kichwa kipya cha shawa kitakusaidia zaidi kuliko tangi kubwa.

Hita ya papo kwa papo haina tangi la kuoza wala hasara ya kukaa, ila nguvu yake yote inatakiwa kwa mkupuo. Ya kilowati 5.5, ikipandisha maji kwa nyuzi 20, hutoa lita karibu 4 kwa dakika, mtiririko mwembamba. Inavuta ampea 24, wakati tangi la kilowati 2 lilikuwa linavuta 9. Kuifunga kwenye waya wa zamani wa milimita 1.5 au 2.5 za mraba ndilo kosa linalounguza swichi na kuyeyusha breka. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi kuu, walau milimita 4 za mraba, mnene zaidi kama njia ni ndefu, na breka ya kuvuja umeme ya miliampia 30. Ongeza gharama ya waya huo kwenye hesabu kabla ya kusema ni rahisi.

Ya jua inafaa pale bili ya maji ya moto ni kubwa na paa linaweza kubeba tangi lililojaa, ambalo kwa lita 200 ni zaidi ya kilo 200. Kwa mfumo usio na pampu, sehemu ya chini ya tangi ikae walau sentimita 30 juu ya ncha ya juu ya paneli, la sivyo usiku maji hurudi nyuma na kupoa kwenye paneli. Hata kwenye ikweta paneli zisilazwe bapa. Mwinamo wa digrii 10 hadi 15 hutoa mapovu ya hewa na kuacha mvua isafishe vumbi. Za mirija ya kioo zisijazwe maji baridi saa sita mchana, kwani mirija iliyokwisha kupata moto hupasuka. Hita inayovuta joto kutoka hewani hutoa karibu uniti 3 za joto kwa kila uniti 1 ya umeme, ndiyo pekee ya umeme inayobadilisha ile hesabu ya 4.65, lakini hupasha polepole, ina feni yenye kelele na inataka hewa ya kutosha, si kabati. Ya gesi isiwekwe bafuni kamwe. Moto wake ukiwa wa njano badala ya bluu, au masizi yakionekana, izimwe hadi ikaguliwe. Kaboni monoksidi, hewa inayoua, haina harufu, na dohani iliyooza ni sababu ya kubadilisha hata kama maji bado ni ya moto.

Siku ya kufunga tangi jipya, dai valvu mpya ya usalama na mrija wake ushuke hadi mahali panapoonekana, sio kuchimbiwa ukutani. Pale bomba la shaba linapokutana na chuma cha tangi pawe na kiungo kinachotenganisha metali hizo, kwani zikigusana chuma huliwa hapo hapo. Kisha jaza tangi bomba la maji ya moto likiwa wazi, usubiri hadi hewa iishe na maji yatoke mfululizo bila kukohoa, ndipo umeme uwashwe. Elementi inayowashwa ikiwa nje ya maji huungua haraka sana, na uharibifu huo kwa kawaida haumo kwenye waranti.